Saa ya mkono kwenye kifurushi cha posta: uchambuzi wa kisa cha bidhaa bandia kutoka Hong Kong hadi Denmark

Kisa kwa kifupi

Januari 2010, mkazi mmoja wa Denmark aliagiza saa ya mkono kwenye tovuti ya Kiingereza ya duka la mtandaoni la China. Saa ilikuwa na jina la kampuni kubwa ya saa ya Uswisi. Alilipa kwenye tovuti hiyo hiyo, na muuzaji akaituma kwa posta kutoka Hong Kong. Ilipofika Denmark, forodha iliizuia kwa kuishuku kuwa feki. Mnunuzi hakukubali iharibiwe. Shauri lilianzia mahakama ya biashara, likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Denmark, kisha likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa hukumu tarehe 6 Februari 2014.

Majina ya mnunuzi, ya kampuni na ya duka yameachwa kwa makusudi. Kisa kinafaa kufundishia kwa sababu kila kitu ndani yake ni kidogo: saa moja, mnunuzi mmoja, na hakuna aliyedai kwamba angeiuza tena. Sheria nyingi za kupambana na bidhaa bandia ziliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza kontena. Hapa zililazimika kujibu swali la kifurushi kinachoingia mfukoni.

Njia ya posta ilivyokuwa

Mzigo wa kontena huja na mwagizaji aliyesajiliwa, wakala wa forodha, ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena. Afisa ana watu wa kuwahoji na karatasi za kulinganisha. Kifurushi cha posta hakina hayo. Kina kibandiko cha tamko la forodha kiitwacho CN 22, ambacho hutumika thamani isipozidi SDR 300, yaani kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ikizidi hapo, hujazwa fomu ndefu zaidi ya CN 23. Kwenye CN 22 mtumaji anaandika vilivyomo, idadi, uzito na thamani, kisha anatia alama kwenye kisanduku, kama vile zawadi, sampuli ya biashara, nyaraka au vinginevyo. Anayejaza ni mtumaji mwenyewe. Karani wa posta anayepokea hana kipimo cha kujua kama alichoandika ni kweli, na katika vituo vinavyopokea maelfu ya vifurushi kutoka kwa mteja mmoja wa mkataba, hakuna hata anayekisoma kibandiko.

Kutoka hapo kifurushi huenda kwenye kituo cha posta cha kubadilishana mizigo ya nje, hutiwa mfukoni pamoja na vingine, hupanda ndege, na mfuko hufunguliwa kwenye kituo kama hicho upande wa pili. Huko ndiko forodha inakokutana nacho kwa mara ya kwanza. Mwaka 2010 taarifa za kielektroniki za kutangulia zilikuwa chache mno kwenye posta. Ndege za mizigo na kampuni za usafirishaji wa haraka zilishakuwa na orodha kabla ya kutua, lakini posta ilileta mifuko, na afisa alianza kujua kilichomo pale mfuko ulipofunguliwa mbele yake. Sekunde chache kwenye mkanda wa eksirei, basi, uamuzi.

Marufuku yenyewe ilikuwepo tayari. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani (UPU) unaweka bidhaa bandia na za uharamia miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa kutumwa kwa posta. Tatizo ni kwamba mkataba huo unazifunga posta, na posta haina mtaalamu wa kutofautisha saa halisi na feki. Kazi hiyo inabaki kwa forodha ya nchi inayopokea, na forodha nayo hufanya lile tu ambalo sheria ya nchi yake inairuhusu.

Sheria za nchi kwa nchi zina mlango ulioachwa wazi kwa idhini. Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, uitwao TRIPS, unazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuzuia mpakani bidhaa zenye alama za kughushi. Lakini kifungu chake cha 60 kinaziruhusu kuacha nje ya utaratibu huo kiasi kidogo cha bidhaa zisizo za biashara, ziwe kwenye mizigo binafsi ya msafiri au zimetumwa kwa vifurushi vidogo. Umoja wa Ulaya, katika Kanuni Na. 1383 ya 2003 iliyotumika wakati wa kisa hiki, ulitumia nusu tu ya ruhusa hiyo. Uliacha mizigo ya msafiri. Haukuacha posta. Kwa hiyo saa ile ile ingeingia Denmark bila shida ikiwa ndani ya begi la mtalii aliyetoka Hong Kong, lakini kwenye kifurushi ilikuwa chini ya kanuni. Wanaoona jambo hili ni kichekesho wana haki yao. Hata hivyo mpangilio una mantiki, kwa kuwa msafiri hubeba kidogo na huja mara moja, ilhali muuzaji wa posta anaweza kutuma kidogo kidogo kila siku ya mwaka.

Mtiririko wa matukio

Agizo na malipo vilikamilika Januari 2010. Kifurushi kilikaguliwa na forodha kilipowasili Denmark. Maafisa walisimamisha utoaji wake kwa mashaka mawili: kwamba saa iliiga saa halisi ya kampuni ile, na kwamba hakimiliki ya muundo wa modeli ile ilikuwa imevunjwa. Tarehe 18 Machi 2010 waliwaarifu kampuni na mnunuzi.

Kampuni iliomba kifurushi kiendelee kuzuiliwa. Ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba saa ni feki, na ikamwomba mnunuzi aridhie iharibiwe bila malipo yoyote kwake. Mnunuzi alijibu kwamba ameinunua kihalali. Kampuni ikafungua shauri katika Mahakama ya Bahari na Biashara ya Denmark, ikidai amri ya kusimamisha utoaji na kuharibu saa. Ilishinda. Mnunuzi akakata rufaa.

Mahakama ya Juu ya Denmark ilikwama mahali ambapo wengi wasingetarajia. Haikuwa na shaka kwamba saa ni bandia. Shaka yake ilikuwa kama kuna mtu yeyote aliyevunja haki ya kampuni ndani ya Denmark, maana bila uvunjaji wa haki kanuni ya forodha isingekuwa na cha kushika. Mwaka 2013 ilipeleka maswali kwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Forodha iliamua kuzuia na kuarifu pande zote mbili. Ni uamuzi wa kawaida lakini una uzito wake: tangu siku ya taarifa, saa ya sheria inaanza kuhesabu. Chini ya kanuni ya 2003 mwenye haki (hapa, kampuni ya saa) alikuwa na siku 10 za kazi kufungua shauri au kuleta ridhaa ya maandishi ya mwenye mzigo, na siku hizo zingeweza kuongezwa 10 nyingine. Kwa bidhaa zinazoharibika haraka zilikuwa 3 tu. Siku zikipita bila lolote, mzigo unaachiwa. Ofisi ya forodha inaweza kupoteza bidhaa bandia zilizokwisha kamatwa kwa sababu ya hesabu hii. Barua hutumwa kwa anwani ya zamani ya mwanasheria wa kampuni, au picha za ushahidi hazikuambatishwa, na siku 10 zinakwisha wakati watu wakiulizana.

Kampuni iliamua kwenda mahakamani kwa ajili ya saa moja. Kwa hesabu ya fedha haikuwa na maana, kwani gharama ya mawakili katika shauri kama hili huzidi mno bei ya saa feki. Maana ilikuwa mahali pengine. Kama mnunuzi angeshinda, kila duka la mtandaoni nje ya Ulaya lingejua la kuwaambia wateja: agizeni moja moja, kwa matumizi yenu, na mkizuiliwa andikeni barua ya kukataa.

Mnunuzi aliamua kukataa, na hoja yake haikuwa ya kitoto. Sheria ya alama za biashara inakataza kutumia alama ya mtu mwingine katika shughuli za biashara. Yeye hakuwa mfanyabiashara. Hakimiliki nayo inahusu usambazaji kwa umma, naye alikuwa amenunua kimoja avae. Hata mahakama haikubisha kwamba yeye binafsi hakuwa amevunja sheria ya Denmark. Muuzaji alikuwa China, na hapakuwa na uthibitisho kwamba alikuwa ametangaza bidhaa zake kwa wateja wa Denmark hasa. Ukiziweka hoja hizo pamoja unapata bidhaa feki ambayo hakuna aliyekosea kwa ajili yake.

Mahakama ya Haki iliamua kumwacha mnunuzi kando na kumtazama muuzaji. Katika hukumu zake za nyuma ilikwisha kusema mambo mawili. Kwanza, usambazaji kwa umma ni mfululizo wa matendo unaoanza na mkataba wa mauzo na kuishia bidhaa inapokabidhiwa, na mfanyabiashara anawajibika kwa kila tendo linalofanywa naye au kwa niaba yake. Pili, bidhaa kutoka nje inaweza kuvunja haki ndani ya Umoja ikithibitika kwamba imekusudiwa kuuzwa huko, na uthibitisho mmojawapo ni kwamba imekwisha kuuzwa kwa mteja aliyeko huko. Katika kisa hiki mauzo yalikuwa yamefanyika, anwani ya Denmark ilijulikana kwa muuzaji, na malipo yalikuwa yamepokelewa. Hapakuwa na haja ya kutafuta tangazo lililolenga Denmark. Mauzo yenyewe yalitosha.

Matokeo

Jibu lililorudi kwa Mahakama ya Juu ya Denmark lilikuwa kwamba mwenye haki juu ya bidhaa iliyouzwa kwa mkazi wa nchi mwanachama kupitia tovuti iliyoko nje ya Umoja analindwa na kanuni ya forodha pale bidhaa inapoingia katika nchi hiyo, kwa sababu tu ya ununuzi huo. Hoja ya matumizi binafsi haikupotea kama kinga ya mnunuzi dhidi ya kushitakiwa, lakini iliacha kuwa njia ya kukomboa kifurushi.

Tofauti hiyo ni muhimu na mara nyingi huelezwa vibaya. Hukumu haikumfanya mnunuzi kuwa mhalifu. Ilisema kitu kinaweza kuzuiwa mpakani kwa kosa la aliyekiuza, hata kama aliyekinunua hana kosa.

Kilichofanya kazi

Kubwa kuliko yote ni pale mahakama ilipogeuza swali. Kabla ya hapo mjadala ulimzunguka mnunuzi, ambaye hakuwa mfanyabiashara. Kwenye posta hilo ni jambo gumu kuthibitisha, maana mtu mmoja anaweza kuagiza saa 1 leo na nyingine mwezi ujao kwa jina la shemeji yake. Muuzaji ni rahisi zaidi. Aliyefungua duka, akapokea malipo, akachapa kibandiko na kutuma, huyo anafanya biashara bila ubishi. Afisa akikiandika kisa kwa kumtazama muuzaji, faili lake linasimama.

Kingine kilichosaidia ni kwamba forodha ilikuwa na misingi miwili ya mashaka tangu siku ya kwanza. Kwenye saa, nguo na viatu jambo hili lina faida ya vitendo: bidhaa inaweza kuja bila nembo yoyote huku umbo lake likiwa limenakiliwa, na nembo zikaja kwa kifurushi kingine. Faili lenye msingi mmoja tu wa alama ya biashara hukwama hapo.

Kilichoshindikana

Muda na gharama, kwanza. Mfumo unaohitaji shauri la mahakama kila mnunuzi anapokataa hauwezi kubeba mzigo wa posta. Kampuni iliyokuwa tayari kugharamia shauri hili ilifanya hivyo mara moja kwa ajili ya kanuni. Kampuni ndogo isingethubutu, na muuzaji feki huchagua pia alama za kampuni ndogo.

Pili, na hili ndilo linalostahili kusumbua zaidi, mtumaji hakuguswa kabisa. Hukumu ilimtaja muuzaji kama chanzo cha kosa, lakini hakuna hatua hata moja katika mlolongo mzima iliyomfikia. Duka lilipokea fedha na kutuma saa. Kifurushi kilipozuiwa, hasara ilimwangukia mnunuzi. Maduka ya aina hiyo hupanga bei yakijua kwamba sehemu ya vifurushi itakamatwa. Mengine hutangaza waziwazi kwamba yatatuma tena bure forodha ikizuia. Kwa muuzaji wa namna hiyo, kukamatwa ni gharama ya usafirishaji.

Tatu, taarifa zilikuja zikiwa zimechelewa. Kifurushi kilikaguliwa kikiwa kimekwisha fika. Hapakuwa na njia ya kukizuia kisipande ndege.

Utaratibu uliojengwa baadaye

Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaona tatizo la gharama kabla hata hukumu haijatoka. Kanuni Na. 608 ya 2013, iliyoanza kutumika 1 Januari 2014, ina utaratibu maalumu wa vifurushi vidogo katika kifungu cha 26. Kifurushi kidogo ni kile cha posta au cha usafirishaji wa haraka chenye vipande 3 au pungufu, au chenye uzito wote usiofika kilo 2. Sharti moja likitimia linatosha: pakiti ya lebo 500 zenye uzito wa gramu 300 ni kifurushi kidogo.

Utaratibu unafanya kazi hivi. Mwenye haki anawasilisha maombi kwa forodha na kuomba humo humo kwamba vifurushi vidogo vishughulikiwe kwa njia hii. Asipoomba, njia haitumiki. Forodha ina siku 30 za kazi kuamua juu ya maombi, na uamuzi hudumu hadi mwaka 1, kisha huongezwa. Kifurushi cha mashaka kinapozuiwa, forodha inamwarifu mpokeaji ndani ya siku 1 ya kazi na kumpa siku 10 za kazi aseme lake. Akikubali, au akinyamaza, bidhaa inaharibiwa bila hata mwenye haki kuulizwa. Akikataa, mwenye haki anaarifiwa na kupewa siku 10 za kazi kufungua shauri, na asipofungua, kifurushi kinaachiwa. Gharama za kuharibu zinaweza kudaiwa kwa mwenye haki.

Utaratibu huu umeegemea kimya. Mnunuzi wa saa feki ya bei ndogo, akipata barua ya forodha, kwa kawaida hajibu. Lakini kuna upungufu usiosemwa sana. Mpokeaji akinyamaza, mwenye haki anaweza kuomba apewe idadi na aina ya vitu vilivyoharibiwa, basi. Majina na anwani za mtumaji na mpokeaji hupewa pale mpokeaji anapokataa. Kwa maneno mengine, vifurushi vingi ambavyo vingeonyesha duka moja linatuma wapi na mara ngapi vinateketea pamoja na taarifa zake. Njia rahisi kuendesha imekuwa pia njia inayomficha mtumaji.

Upande wa taarifa umesogea. Tangu 2021 kanuni za UPU zinadai data za kielektroniki zitangulie kwa vitu vyote vyenye bidhaa, na Umoja wa Ulaya ulianza 15 Machi 2021 kuzidai kwa mizigo ya posta na ya haraka inayokuja kwa ndege, kabla haijapakiwa. Mwaka huo huo, 1 Julai, ulifuta msamaha wa kodi kwa mizigo isiyozidi euro 22, na tangu hapo kila kifurushi cha bidhaa kinahitaji tamko la forodha. Data hizo zinasaidia, ila zina udhaifu ule ule wa CN 22: zimejazwa na mtumaji. Anayeandika "zawadi" kwa kalamu ataandika "zawadi" kwenye kompyuta.

Dalili mezani kwa mkaguzi

Eksirei haitambui feki. Inaonyesha duara la chuma na mkanda, na saa ya bei ya gari inaonekana sawa na ya bei ya chakula cha mchana. Kinachosaidia ni kulinganisha mambo yasiyoelewana.

La kwanza ni aina ya huduma. Kanuni za posta hazitaki vitu vya thamani, kama vyombo vya dhahabu au vito, viende kwa huduma ya kawaida isiyo na bima. Saa inayodai kuwa ya dhahabu ndani ya kifurushi kidogo cha kawaida imejisemea yenyewe: ama ni feki, ama imetumwa kinyume cha masharti.

La pili ni msimbo wa bidhaa. Saa za mkono ziko kwenye kichwa cha ushuru 9102, na zenye gamba la madini ya thamani kwenye 9101. Watumaji wajanja hutenganisha: gamba chini ya 9111, mkanda 9113, mashine kamili 9108, vipuri 9114. Vifurushi vinne vya siku tofauti vinakuwa saa moja vikifika. Ukiona vipuri vikienda kwa mtu binafsi, tafuta anwani hiyo katika kumbukumbu za miezi iliyopita kabla ya kuachia.

La tatu ni namba ya kufuatilia. Kiwango cha UPU kinachoitwa S10 kina herufi 2, tarakimu 8, tarakimu 1 ya ukaguzi na herufi 2 za nchi, kwa mfano RA123456785HK. Tarakimu ya ukaguzi hupatikana kwa kuzidisha zile 8 kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, kujumlisha, kugawa kwa 11 na kutoa baki kutoka 11. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5. Katika mfano huu jumla ni 204, baki ni 6, na tarakimu ni 5. Namba isiyopita hesabu hii imebuniwa au imenakiliwa vibaya. Zinazofuatana kwenda anwani mbalimbali zinaonyesha kitu kingine: mteja mmoja wa mkataba aliyechapa vibandiko kwa mkupuo. Posta iliyompa mfululizo huo inamjua ni nani.

Saa yenyewe ikishafunguliwa, mshale wa sekunde husaidia. Saa ya betri kwa kawaida hupiga hatua moja kwa sekunde. Saa ya kujiendesha (isiyo na betri) ya kiwango cha juu mara nyingi hupiga hatua 28,800 katika muda wa saa moja, yaani hatua 8 kwa sekunde, na mshale huonekana kuteleza. Saa inayojiita ya kujiendesha huku mshale ukiruka sekunde kwa sekunde haihitaji mtaalamu. Kinyume chake si kweli: feki nzuri zina mashine za kiwango hicho, na hapo maoni ya maandishi ya mwenye haki hayaepukiki. Picha za kumtumia ziwe za sura, mgongo, kifungo cha mkanda na namba ya mfululizo, pamoja na kibandiko cha kifurushi. Picha ya kibandiko ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye jina la mtumaji.

Kisa hiki kingekuwaje Afrika Mashariki

Hoja ya mnunuzi wa Denmark ingepata nguvu zaidi Nairobi. Sheria ya Kenya ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, katika kifungu cha 32, inafanya kuingiza bidhaa bandia kuwa kosa, lakini inatoa nje uingizaji kwa matumizi binafsi na ya nyumbani ya mwagizaji. Upande wa pili, Jedwali la Pili la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linaweka bidhaa bandia za kila aina kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku kuingia. Sheria moja inaangalia mtu na nyingine inaangalia kitu, na kifurushi kimoja kinaweza kuangukia zote mbili kwa majibu tofauti.

Kwa afisa aliye kituoni maana yake ni ya kikazi kabisa. Hati ya kuzuia kifurushi itaje sheria ya forodha, kwa sababu hapo matumizi binafsi si hoja iliyoandikwa. Ikiwa mashitaka ya jinai yanakusudiwa chini ya sheria ya 2008, ushahidi wa biashara ukusanywe kabla bidhaa haijaharibiwa: idadi ya vifurushi vilivyokwenda kwa anwani au namba ya simu ile ile, vipimo tofauti vya bidhaa moja (jozi za viatu namba 38 hadi 44 hazivaliwi na mtu mmoja), na matangazo ya kuuza kwenye mitandao yenye picha za bidhaa ile. Baada ya hapo, kabla ya faili kufungwa, namba ya S10, tarehe, anwani ya mtumaji na maelezo aliyoyaandika kwenye tamko zipelekwe kwa posta ya nchi iliyotuma.